Mkufu, Mnyororo na Kicheko cha Thomas More

Makala hii inahusu kitu kidogo tu: mkufu. Sina maana ya mkufu mwembamba anaonunuliwa bibi harusi, bali ule mzito wa dhahabu uliovaliwa mabegani na manaiti wa Ulaya, yaani wale askari wapanda farasi wa enzi za umwinyi waliokula kiapo mbele ya wafalme na mabwana wao. Nimeuchagua kwa sababu umo ndani ya kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma, au angalau tumekisikia kikitajwa semina, Utopia cha Thomas More. Nimeuchagua pia kwa sababu naona wahakiki wengi, wakiwemo wenzetu wa hapa chuoni, wanaupita mbio mbio kama kichekesho cha kumpumzisha msomaji tu. Mimi nadai kwamba penye kichekesho hicho ndipo kitabu kizima kinapofungwa, na ndipo pia kinapovuja.

Hebu kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Utopia kilichapwa mwaka 1516 mjini Louvain, kwa Kilatini. Kina sehemu mbili. Katika ile ya pili msafiri mmoja aitwaye Raphael Hythlodaeus, anayedai kuwa alisafiri na Amerigo Vespucci, anasimulia habari za kisiwa alichoishi zaidi ya miaka mitano, kisiwa kisicho na mali ya mtu binafsi wala fedha. Dhahabu wanayo tele, ila wameitia aibu makusudi. Wanaitengenezea vyombo vya kujisaidia usiku, na minyororo na pingu za watumwa. Mtu aliyefanya kosa la fedheha hutiwa hereni za dhahabu, pete za dhahabu, dhahabu shingoni na dhahabu kichwani. Lulu na almasi wanapewa watoto wachezee, na mtoto akipata akili anaziacha mwenyewe bila kuambiwa, kama watoto wa kwetu wanavyoacha magari ya mabua.

Siku moja wanafika mabalozi watatu wa Waanemolia, taifa la mbali lisilojua desturi hizo. Wanaingia mjini na wafuasi 100. Wao wenyewe, kwa kuwa ni watu wa ukoo bora, wamevaa nguo za nyuzi za dhahabu, mikufu mizito, hereni, pete, na kofia zinazong'aa lulu na vito. Watu wamejaa barabarani kutazama. Basi wenyeji wanawainamia wale watumishi wa chini kabisa, wakidhani ndio mabwana kwa kuwa wamevaa kawaida, na mabalozi wenyewe wanawaacha wapite bila hata salamu, maana mtu aliyejaa dhahabu kiasi kile atakuwa nani kama si mtumwa? Mtoto mmoja anamgusa mama yake amwangalie yule mtu mzima ambaye bado anachezea lulu. Mama anamnyamazisha, anadhani ni mchekeshaji waliyekuja naye.

Hapa wengi hucheka na kufunua ukurasa. Jamani, tusifunue upesi. Wapo katika umati ule watu ambao hawacheki, bali wanaikagua mikufu yenyewe kama mafundi. Wanalalamika kwamba ni myembamba mno, mtumwa mwenye nguvu ataikata; tena imelegea, akitaka ataivua na kwenda zake. Yaani hawasemi kwamba mkufu ni upuuzi. Wanasema ni mnyororo uliotengenezwa vibaya. Kwangu hii ndiyo tashtiti kali kuliko zote kitabuni, kuliko hata ile ya vyombo vya haja, kwa sababu haimtukani mvaaji. Inamwuliza swali la kikazi tu: kitu hicho ulichofungwa nacho, kinashika?

Sisi tunaosoma kisa hiki kwa Kiingereza tunaponyokwa na jambo moja kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili. Kiswahili hakifanyi hivyo. Tuna mkufu, tuna kidani, tuna koja. Hivyo ni vya furaha. Halafu tuna mnyororo, tuna pingu, na tuna kongwa, ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka waliokuwa wakiteremshwa pwani kutoka bara. Sidhani yupo mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganya makundi haya mawili. Hata vitenzi vyake vinatengana: mkufu mtu anauvaa, mnyororo mtu anatiwa. Kwa hiyo mtu akitaka kukieleza kisa cha Waanemolia kwa Kiswahili anakwama mara moja. Akiandika mikufu, ameshaamua upande wa mabalozi. Akiandika minyororo, ameshaamua upande wa wenyeji. Kicheko cha More kinategemea neno ambalo bado halijaamua.

Lakini kiko kitenzi cha tatu, nacho ndicho kinachonisaidia: kuvishwa. Nishani mtu havai hivi hivi, huvishwa. Anasimama, au anapiga magoti, na mwingine mwenye mamlaka anamwekea. Kwa umbo, kitenzi hiki kiko katikati ya kuvaa na kutiwa. Mikono inayofanya kazi si ya mwenye shingo.

Sasa basi, mikufu ya manaiti ilikuwa yote ya kuvishwa. Tuchukue ule maarufu kuliko yote, wa Jumuiya ya Ngozi ya Dhahabu, iliyoanzishwa na Philip Mwema, Mtawala wa Burgundy, mwaka 1430 mjini Bruges. Mkufu wake uliundwa kwa vipande vya chuma cha kuwashia moto vikipokezana na mawe ya gumegume yanayotoa cheche, na chini yake kikaning'inia kijikondoo cha dhahabu. Kwa macho, ni kazi ya sonara wa hali ya juu. Sasa tazama masharti yake. Mwanachama alitakiwa auvae kila siku, na asipouvaa alitozwa faini. Hakuruhusiwa kuuza wala kuuweka rehani. Akifa, warithi wake walipaswa kuurudisha kwenye jumuiya. Mkufu wa Uingereza wa Jumuiya ya Gata, ambayo Mfalme Edward III aliianzisha mnamo mwaka 1348, ulikuja baadaye sana, wakati wa wafalme wa ukoo wa Tudor. Una uzito wa aunsi 30 za kupimia dhahabu, yaani zaidi ya gramu 900, karibu kilo nzima shingoni, na nao hurudishwa kwa mfalme baada ya mwenyewe kufa.

Ni mali ya namna gani hiyo ambayo huwezi kuiuza, huwezi kuiweka rehani, huwezi kumwachia mwanao, na ukiisahau nyumbani siku moja unalipishwa? Mtu wa kisiwani Utopia asingehitaji hata kuuvuta auone kama unashika.

Ule unaotuhusu zaidi ni mkufu wa herufi S, wa Kiingereza. Ulianza katika karne ya 14 kama alama ya watu wa John wa Gaunt, Mtawala wa Lancaster. Haukuwa nishani ya ushujaa. Ulikuwa sare. Bwana aliwagawia watu wake ili kila mtu ajue huyu ni mtu wa nani, asije akaguswa ovyo. Mwaka 1394 Bwana wa Arundel alilalamika bungeni kwamba Mfalme Richard II mwenyewe alikuwa akionekana na mkufu wa baba yake mdogo huyo, na mfalme akalazimika kueleza kwamba aliuvaa kwa mapenzi tu. Unaona ubishi wenyewe ulivyo? Hakuna aliyebishana kuhusu dhahabu. Ubishi ulikuwa je, mfalme anaweza kuonekana kuwa mtu wa mtu? Mwaka 1399 mtoto wa John akampindua Richard, akawa Henry IV, na sare ya Lancaster ikawa sare ya ufalme. Kuhusu maana ya hizo S wanahistoria wanavutana mpaka leo. Mimi nadhani hata wangekubaliana isingetusaidia sana. Maana iliyofanya kazi haikuwa katika herufi, ilikuwa katika shingo.

Baada ya historia hiyo tunaweza kurudi kwenye Sehemu ya Kwanza ya Utopia, ambayo wanafunzi wengi huiruka ili wakimbilie kisiwa. (Ni ndefu, nakubali, na habari za kondoo wala watu zinatosha kwa swali la mtihani.) More aliianza safari ya kitabu hiki mwaka 1515 akiwa Flanders. Alikwenda kufanya nini? Alitumwa na Mfalme Henry VIII. Alikuwa mjumbe wa serikali, mtu wa aina ile ile ya wale Waanemolia watatu. Na katika sehemu hiyo, Peter Giles wa Antwerp anamshauri Raphael: wewe una elimu nyingi, mbona huendi kumtumikia mfalme fulani? Raphael hataki kusikia. Giles anajaribu kulainisha. Anadai hana maana ya kuwa mtumwa wa wafalme, bali kuwatumikia. Raphael anamjibu kwamba kati ya vitenzi hivyo viwili, katika Kilatini, kuna tofauti ya silabi moja.

Watafsiri wa Kiingereza huhangaika sana hapo. Kiswahili hakina haja ya kuhangaika. Mzizi wetu ni mmoja, tuma, na kutoka humo tunapata mtume, tunapata mtumishi, tunapata mtumwa. Wote wametumwa. Na wala sisemi jambo jipya: katika tenzi za kale za pwani Mtume mwenyewe huitwa Tumwa, na hakuna msikilizaji aliyeona hapo upungufu wa heshima, kwa sababu heshima ilitoka kwa Yule aliyemtuma. Kumbe basi wenyeji wa Utopia, walipowaona wajumbe wakadhani watumwa, hawakukosea sana kwa sarufi ya Kiswahili. Walikosea kwa silabi moja. Ndiyo sababu nasema kichekesho cha mikufu si mapumziko. Swali lililoachwa wazi katika Sehemu ya Kwanza, je, mwenye akili akamtumikie mfalme au asiende, linajibiwa katika Sehemu ya Pili kwa mfano wa macho: watu watatu wenye adabu zao, waliotumwa na serikali, wamebeba shingoni ushahidi wa kufungwa kwao, nao wanajivunia.

Halafu mwandishi mwenyewe akaenda kufungwa. More alipewa unaiti mwaka 1521. Mwaka 1525 akafanywa Chansela wa milki ya Lancaster, ile ile ya John wa Gaunt. Mwaka 1527 Hans Holbein akamchora, na picha hiyo, ambayo sasa iko New York katika Mkusanyiko wa Frick, tunaiona karibu kila anapotajwa. Uso una ndevu za siku mbili tatu, macho yamechoka, mikono ya nguo ni mahameli nyekundu, na juu ya manyoya ya joho umelala mkufu wa S, mnene, na waridi la Tudor likining'inia kifuani. Ni miaka 11 tu baada ya kuwacheka Waanemolia.

Mhakiki wa haraka atasema: mnafiki. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na wengine wanaongeza kwamba ndivyo wasomi wa tabaka la kati walivyo, wanaandika mapinduzi na kula na watawala. Hoja hiyo ina mvuto, na sitaki kuipuuza. Lakini Erasmus, rafiki yake, katika barua ya mwaka 1519 alishaeleza kwamba More hakupenda hariri wala mikufu ya dhahabu, na aliivaa tu pale ambapo kutoivaa kungekuwa kosa. Hicho si kipimo cha unafiki, ni kipimo cha sharti. Ni lugha ya mtu anayezungumza habari za kutiwa, si za kuvaa. Na mkwewe William Roper, aliyeandika maisha yake, anasema chini ya nguo zote hizo alikuwa akivaa kwa siri shati la singa, linalochoma ngozi. Mchoraji aliona dhahabu tu, maana ndiyo iliyokuwa kazini.

Wapo wanaoona shati hilo linammaliza deni. Mimi sioni hivyo. Singa zilimwuma yeye peke yake. Mkufu ulikuwa na nguvu juu ya watu wengine. Mwaka 1529 alipanda kuwa Chansela Mkuu wa Uingereza, na katika miaka yake ya madaraka watu walichomwa moto kwa imani yao naye akitetea adhabu hiyo kwa maandishi. Mei 1532 alijiuzulu. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya mavazi iliyokataza mtu asiye naiti kuvaa mkufu wa S, kana kwamba watu walikuwa wanagombea kufungwa. Tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa kwa kukataa kiapo cha mfalme. Shingo ile ile.

Jukwaa halikuweza kuiacha habari kama hii. Robert Bolt aliiandikia tamthilia, A Man for All Seasons, iliyooneshwa London mwaka 1960, kisha ikawa filamu mwaka 1966. Bolt alielewa kwamba mkufu ni mhusika. Siku ya kujiuzulu, More wa jukwaani anaomba asaidiwe kuuvua. Anamwomba rafiki yake Norfolk, anakataa. Mke wake anakataa. Mwisho ni binti yake Margaret anayeuvua. Onyesho hilo ni zuri sana, nadhani kwa sababu linageuza kitendo cha kuvishwa kinyumenyume: nacho pia kinahitaji mikono ya mwingine. Baadaye, mahakamani, Richard Rich, aliyemtolea ushahidi wa uongo, anaonekana na mkufu mpya wa cheo cha uanasheria wa Wales, na More anamsikitikia kwamba roho ameiuza kwa bei ndogo namna hiyo. Kihistoria Rich cheo hicho alikipata mwaka 1532, na wakati wa kesi alikuwa keshapanda, lakini tusimdai msanii risiti.

Ninalomdai Bolt ni jingine. Katika tamthilia yake mkufu unakuwa mchafu ukifika kwa Rich tu. Shingoni mwa More ni safi mpaka dakika anapouvua. Yaani tatizo limehamishwa kutoka kwenye kitu hadi kwenye tabia ya mvaaji: mtu mwema mkufu, mtu mbaya mnyororo. Utopia haisemi hivyo hata kidogo. Mabalozi wa Anemolia si watu wabaya. Hawajamsaliti mtu. Wamevaa vizuri tu kwa heshima ya wenyeji wao. More wa mwaka 1516 alikuwa mkali kuliko More wa Bolt.

Na kwa kuwa tumetaja maigizo, kuna watu Ulaya na Marekani ambao mwisho wa juma huvaa deraya na mikufu ya bandia, wakaiga mashindano ya manaiti viwanjani. Ni rahisi kuwacheka. Lakini mkufu wao una tofauti moja kubwa na ule wa Burgundy: wameununua kwa fedha zao, na jioni wanauvua bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa vigezo vya Utopia hao ndio peke yao waliovaa mkufu kweli, kwa maana ya Kiswahili. Hata meya wetu, na joho lake na mkufu alioachiwa na desturi ya mabaraza ya Kiingereza, hajafikia hapo, wake anakabidhi.

Sasa nifike mahali nilipodai kitabu kinavuja.

Tumezoea kusoma Utopia kwa kukilinganisha na Azimio la Arusha la mwaka 1967: mali ya pamoja, kila mtu kazi, saa sita kwa siku, hakuna kunyonyana. Halafu tunaandika insha na kupata alama. Mbona hatuandiki kuhusu watumwa? Wamo. Kila kaya ya shamba ina watu wasiopungua 40, na juu yao watumwa wawili. Kuchinja wanyama ni kazi ya watumwa, ili raia wasizoee ukatili. Watumwa hao ni mateka wa vita walivyopigana wenyewe, ni raia waliofanya makosa mazito, ni wafungwa waliohukumiwa kifo nchi nyingine wakanunuliwa kwa bei ya chini au wakatolewa bure, na ni maskini wa nje wanaoomba wenyewe kuja kutumika. Ni haki kusema kwamba mtoto wa mtumwa hazaliwi mtumwa huko, na kwamba mfungwa akionyesha kujuta anaweza kufunguliwa. Sawa. Lakini minyororo ipo, na ni ya dhahabu.

Kisa cha mabalozi kinamalizikaje? Baada ya siku moja mbili wanaelewa. Wanaona kwamba minyororo ya mtumwa mmoja mtoro ina dhahabu nyingi kuliko mapambo yao wote watatu. Wanaona aibu, wanavua, wanaendelea na kazi iliyowaleta. Msomaji anatabasamu. Na yule mtumwa mtoro je? Yeye ndiye kipimo. Bila yeye kusimama pale na uzito ule, mabalozi wasingejifunza kitu, na sisi tusingecheka. Lakini hana jina, hana neno, hatuambiwi alikuwa anatorokea wapi, wala alirudishwaje. More alivua heshima kutoka kwenye dhahabu. Hakuuvua mnyororo kutoka kwa mtu.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa hiki ni kinaya tupu, kwamba jina Hythlodaeus kwa Kigiriki lina maana ya mpiga porojo, kwa hiyo More hakubali kila anachosimulia. Ni kweli, na hoja hiyo inamwokoa More kwenye mambo mengi. Hapa haimwokoi. Kinaya kinaweza kuficha maoni ya mtunzi kuhusu utumwa, lakini hakiwezi kuficha kwamba ufundi wa kicheko chake umesimama juu ya mtumwa asiyesema. Porojo au si porojo, gharama kalipa yeye.

Ili isionekane namdai More kitu ambacho fasihi ya Ulaya ya zama zile haikuweza kutoa, nimlinganishe na Cervantes. Don Quixote, sehemu ya kwanza, ilitoka mwaka 1605. Mhusika mkuu ni mwigaji wa manaiti: amesafisha deraya za mababu zilizoota kutu, kofia ya chuma ameiunga kwa karatasi ngumu, anatembea akitafuta mashujaa wa vitabuni. Katika sura ya 22 anakutana na watu kama 12 wanaopelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme, wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja mrefu wa chuma, wamepangika kama shanga kwenye uzi. Cervantes alikuwa amekaa mateka Algiers tangu mwaka 1575 hadi 1580, chuma alikijua. Na anafanya nini? Anamfanya mwigaji wake asimame na kumwuliza kila mmoja amefanya kosa gani. Kila mmoja anajibu, mwingine kwa mafumbo, mwingine analia tu na jirani yake anamsemea. Ginés de Pasamonte, aliyefungwa kuliko wote, mwenye pete mbili za chuma shingoni, anatangaza kwamba anaandika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Fikiria hilo: mtu wa mnyororoni ni mtunzi.

Don Quixote anawafungua. Kisha, hapa ndipo ninapoona Cervantes amemzidi More, anawaagiza wabebe mnyororo ule ule waliotolewa shingoni waende nao mpaka El Toboso, wakajihudhurishe mbele ya bibi yake Dulcinea, wamweleze nani aliyewakomboa. Anataka kuugeuza mnyororo uwe nishani. Mtu aliyelewa vitabu vya manaiti haoni tofauti. Kwake kila kinachopita shingoni ni heshima, ili mradi kuna bwana wa kukitoa na bibi wa kukipokea. Pasamonte anajaribu kwa adabu: askari watatutafuta, lazima tutawanyike, labda tumsalie bibi huyo sala kadhaa badala yake. Naiti anakasirika. Basi wanampiga mawe mpaka anaanguka, na Sancho wanamvua koti.

Wengi husoma mawe hayo kuwa ni utovu wa shukrani. Mimi nasoma kuwa ni uhakiki. Waliokuwa ndani ya mnyororo wanajua kuliko mkombozi wao kwamba ukiubeba kwa hiari yako kumpelekea mtu, umeshavishwa upya. Mtumwa wa Utopia hakupewa hata jiwe.

Nikirudi kwenye suala la tafsiri, nimejaribu mara kadhaa kuwahamishia Waanemolia katika Kiswahili, na njia niliyoiona inafaa ni hii: wanapotoka melini wavae mikufu, wakishaingia barabarani, mbele ya macho ya wenyeji, jina libadilike katikati ya aya bila kumtahadharisha msomaji, iwe minyororo mpaka mwisho. Kwa wale wahalifu wenye dhahabu shingoni nilifikiria kuandika kongwa la dhahabu, ili msomaji wa pwani aione shingo yenyewe. Mwalimu wa tafsiri ataniambia kongwa ni mti, si madini, na lina historia ambayo More hakuikusudia. Hilo nitampa. Nitabaki na mnyororo, na siku tukichapa tafsiri hiyo na picha ya Holbein kwenye jalada, maelezo chini ya picha yatatumia neno hilo hilo.